Siti ya Pikapu Inayoumiza: Maswali Yenu, Majibu ya Mafundi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu siti za pikapu. Tumechagua zile zinazogusa matatizo ya wengi, na tumezipanga kuanzia siti yenyewe hadi matairi, maana mara nyingi sponji hulaumiwa wakati kosa liko kwingine.

Mafundi, habari za kazi. Naendesha Hilux ya kebini moja, ya miaka mingi, nabeba mazao kutoka Makambako hadi Dar es Salaam. Siti ya dereva imelala upande wa kulia, na nikifika Morogoro nyonga inawaka moto. Nimeweka mto juu, naona hali imezidi. Ninunue siti nyingine ya mtumba au hii inatengenezeka?
*Dereva, Makambako*

Inatengenezeka ndugu, na ikitengenezwa vizuri huishinda siti ya mtumba ambayo hujui ndani yake kukoje. Upande wa kulia hufa kwanza kwa sababu ndiko unakoingilia na kutokea. Kila ukishuka, uzito wote wa mwili hupita juu ya ukingo ule mmoja. Ukingo ukishasagika, nyonga ya kulia hushuka, kiuno hupinda ili kichwa kibaki wima, na misuli ya upande mmoja hufanya kazi njia nzima. Mto haunyooshi mteremko huo, unaufuata tu. Tena unakupandisha, mpaka sehemu ya siti iliyotengenezwa kushika kiuno inakuwa chini ya kiuno chako. Ndiyo maana umezidisha.

Anza kwa kuitoa siti. Kwenye Toyota nyingi hushikwa na bolti nne zinazofunguka kwa spana ya 14, nyingine zimefunikwa na vifuniko vya plastiki. Isogeze siti nyuma kabisa ufungue za mbele, kisha mbele kabisa ufungue za nyuma. Kabla ya kuinyanyua, chungulia chini yake. Ukiona plagi ya rangi ya njano, hiyo ni ya mfuko wa hewa (eabegi) au ya mkanda unaojikaza wenyewe. Zima gari, toa waya wa hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90, ndipo uchomoe. Siti ikiwa nje usirudishe betri na kuwasha swichi, la sivyo taa ya eabegi itabaki inawaka.

Igeuze siti chini juu na usome vumbi lake. Unga wa njano uliojaa kwenye fremu ni sponji iliyokatwakatwa na nyaya. Bonyeza springi moja moja kwa kiganja. Zote zinapaswa kukupa upinzani unaokaribiana. Angalia vilevile ndoano zinaposhika fremu, kwa sababu springi nyingi hazikatiki bali huchomoka baada ya kishikizo cha plastiki kuliwa. Hiyo ni kazi ya dakika chache: weka kishikizo kipya, rudisha ndoano, basi. Springi iliyokatika ibadilishwe nzima kwa nyingine ya unene uleule. Usikubali ichomelewe. Moto wa kuchomelea huua ugumu wa chuma cha springi, nayo hukatika tena pembeni kidogo ya pale ilipochomelewa. Kufuma vipande vya mpira wa ndani wa tairi badala ya springi kunapendwa sana gereji, lakini joto la kebini huuregeza mpira, na baada ya muda utajikuta umekaa juu ya fremu.

Kati ya springi na sponji lazima kuwe na kitambaa kigumu kinachozuia nyaya zisile sponji. Cha zamani kikiwa kimeoza, weka turubai zito au felti nene. Gunia la katani nalo hufaa, ila hutunza unyevu, na siti inayolowa kila wakati wa kuosha gari itaanza kunuka na fremu kushika kutu.

Sasa sponji. Ile ya kiwandani imemiminwa kwenye kalibu, ina umbo ambalo si rahisi kulipata kwa kukata tofali la sponji, kwa hiyo usiitupe. Kata sehemu iliyokufa tu, kwa kisu kirefu chenye meno, mkato ulionyooka mpaka ufikie sponji hai inayorudi upesi ukiibonyeza. Pima pengo, kisha kata kipande kipya kikubwa kuliko pengo kwa sentimita 1 kila upande ili kibanwe na kitambaa. Paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka ukiigusa haivuti nyuzi, ndipo ubandike. Gundi iwe kwenye kingo za kiraka. Ukiimwaga katikati, pale unapokalia, ikikauka huwa ganda gumu ambalo utalihisi kabla hujafika Iringa.

Kabla ya kurudisha kitambaa, weka siti kwenye gari, kaza bolti mbili, ukae dakika 20. Mtu mwingine apenyeze mkono chini na kukuambia kama springi zimeshuka sawa kulia na kushoto. Wewe mwenyewe usikilize kama mfupa wowote unagusa kitu kigumu. Panapogusa ndipo panapotaka kazi zaidi, na ni rahisi kuifanya sasa kuliko baada ya kushona.

Kitambaa nacho kina siri yake. Chini yake kuna nyaya zinazoingia kwenye mifereji ya sponji na kufungwa kwa pete ndogo za chuma. Mafundi wenye haraka huziacha. Matokeo yake kitambaa huelea, kinakunjamana, na wewe unateleza mbele kidogo kidogo kila ukifunga breki. Dai nyaya zirudishwe na pete zifungwe zote.

Mwaka huu nimeshabadilisha sponji mara mbili. Kila mara inakuwa nzuri mwanzoni, kisha inalala. Fundi anasema ni "heavy duty". Nitajuaje kabla sijalipa?
*Msomaji, Kisumu*

Ulichouziwa huenda ni sponji ya godoro la bei nafuu. Godoro hubeba mwili uliolala, uzito umesambaa. Siti hubeba sehemu kubwa ya uzito huo kwenye mifupa miwili ya makalio, na huku gari linaruka.

Jipimie mwenyewe. Omba kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10 na ukipime kwenye mizani ndogo ya jikoni. Kipande hicho ni lita moja kamili, kwa hiyo idadi ya gramu ndiyo idadi ya kilo kwa mita ya ujazo. Kikipima gramu 18 au 20, ni godoro. Kwa siti ya dereva anayeshinda barabarani tunataka gramu 45 hadi 60. Tahadhari moja: baadhi ya sponji huongezewa unga wa chokaa ili ziwe nzito. Isugue kwa nguvu kwenye kitambaa cheusi. Ikiacha vumbi jeupe na kuchanika kirahisi, achana nayo hata kama mizani inaisifu.

Watu wengi huchanganya uzito na ugumu. Sponji inaweza kuwa ngumu kwa kidole na bado nyepesi, na hiyo ndiyo inayokudanganya dukani kisha kulala mapema. Kipimo cha uhakika zaidi ni kukibana kipande chako kati ya mbao mbili mpaka kifikie nusu ya unene, ukiache hivyo saa 24, kisha ukifungue na kusubiri nusu saa. Kikirudi sentimita 9.5 au zaidi, nunua. Kikiishia chini ya 9, usinunue.

Ile sponji ya rangirangi iliyotengenezwa kwa mabaki yaliyosagwa na kugandishwa ni nzito na hudumu, lakini ni ngumu. Iweke chini, unene wa sentimita 2 au 3, juu ya springi. Ikiwekwa juu, kila kokoto la barabarani litafika kwenye uti wa mgongo.

Hamjambo wahariri. Mimi ni mkulima, mfupi wa kimo, natumia Isuzu D-Max isiyo na kifaa cha kupandisha siti. Baada ya saa moja mguu wa kulia unakufa ganzi kuanzia pajani. Siti yenyewe ni nzima kabisa.
*Mama wa mahindi, Kitale*

Hatujambo mama. Siti ni nzima, ila ni ndefu kuliko paja lako. Ukisogea mbele ili ukanyage klachi mpaka mwisho, ama mgongo unaachana na egemeo, ama ukingo wa mbele wa siti unabana nyuma ya goti, mahali ambapo mishipa ya damu na ya fahamu inapita karibu na ngozi. Kaa makalio yakiwa yamegusa egemeo kabisa, kisha ingiza vidole kati ya ukingo wa siti na nyuma ya goti. Vidole viwili au vitatu vipite bila kusukumwa. Visipopita, tumepata mwizi.

Dawa ni kukusogeza wewe mbele juu ya siti. Shonesha kabari ya mgongo ya sponji ngumu yenye unene wa sentimita 5 kiunoni, ikipungua mpaka iishe kabisa mabegani. Isiwe nene juu, kwa sababu itakitenga kichwa na kile kiegemeo chake, na gari likigongwa nyuma shingo ndiyo italipa. Ifungwe kwa mikanda nyuma ya siti. Mto usiofungwa unaweza kuangukia chini ya kanyagio la breki.

Halafu upange upya kila kitu kwa mfuatano huu: kwanza umbali wa siti, goti libaki limekunjwa kidogo klachi ikiwa chini kabisa, kisha mwegemeo, ulale kidogo tu kupita wima, kati ya digrii 100 na 110, kisha usukani, kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati yake, mwisho kiegemeo cha kichwa, juu yake palingane na utosi. Mkanda upite juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni.

Kama una pochi au funguo kwenye mfuko wa nyuma wa kulia, toa. Ganzi ya mguu mmoja mara nyingi huanzia hapo. Lakini ganzi ikibaki hata baada ya kushuka, mguu ukikosa nguvu, au ukipata shida ya kuzuia haja, hilo si la fundi wa siti. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wasomaji warefu wana tatizo la kinyume. Sakafu ya pikapu iko juu ya chesisi, hivyo siti hukaa karibu na sakafu, magoti yanapanda na mapaja yanaelea hewani. Uzito wote unaishia kwenye makalio na kifandugu. Kwao tunaongeza sponji ya mbele ya siti, sentimita 3 hadi 4, ili paja libebwe. Wengine huweka washa, yaani pete bapa za chuma, chini ya miguu ya mbele ya siti. Hatuipendi njia hiyo: kishikio cha mkanda mara nyingi kimefungwa kwenye siti yenyewe, kwa hiyo ajali ikitokea bolti zile ndizo zinazokushika, na rundo la washa hupunguza nyuzi za bolti zinazoingia sakafuni.

Dabo kebini yetu ni nzuri mbele, lakini nyuma abiria wanakaa wima kama wako mahakamani. Egemeo linaweza kulazwa?
*Baba wa watoto wanne, Arusha*

Kidogo tu, kwa sababu nyuma ya egemeo kuna ukuta wa kebini na mara nyingi jeki. Kwa kuwa juu hapasogei nyuma, sogeza chini mbele. Kabari ileile tuliyomweleza mama wa Kitale, ikiwa na sentimita 5 chini na kuisha kwenye kimo cha sentimita 50, hulaza mgongo karibu digrii 6. Ni nyingi kuliko inavyosikika. Bei yake ni kwamba siti inakuwa fupi kwa sentimita hizohizo 5, kwa hiyo ongeza sponji mbele ya kikalio ikiwa magoti yana nafasi.

Usitoboe fremu wala kuongeza vyuma vya kusogeza kikalio kizima, maana hapo ndipo komeo la siti na vishikio vya mikanda vilipo. Na pale panapofungwa kiti cha mtoto, kabari itolewe: kiti kile kinatakiwa kikae juu ya siti yenyewe, si juu ya kitu kinachobonyea.

Siti nimeshashonesha upya kwa fundi mzuri, sponji nzito, springi mpya. Barabara ya changarawe bado inanisaga mgongo, hasa nikirudi bila mzigo. Niongeze sponji laini juu?
*Msambazaji wa vinywaji, Mpanda*

Usiongeze. Mwili uliokaa hutikisika zaidi kwenye mtikisiko wa wima wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na siti ya sponji laini nayo hucheza karibu na mwendo huohuo. Badala ya kuzuia, inaongeza. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake 2002/44/EC, unamtaka mwajiri achukue hatua mtikisiko wa mwili mzima ukifika wastani wa 0.5 m/s² kwa siku ya saa 8, na usizidi 1.15. Tunaitaja ili wenye magari ya kampuni wajue kwamba mgongo wa dereva ni suala la kazi, si deko.

Neno lako muhimu ni "bila mzigo". Anza na upepo. Kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaonyesha upepo wa matairi, na kwenye pikapu nyingi kiwango cha gari tupu ni tofauti na cha gari lenye mzigo kamili. Madereva wengi hujaza wa mzigo na kuuacha hivyo mwaka mzima. Ukirudi mtupu shusha hadi kiwango cha kibandiko, usiende chini ya hapo, na ujaze tena kabla ya kupakia. Pima tairi zikiwa baridi.

Kisha lala chini uangalie springi za bapa za nyuma. Kama kuna vipande vilivyoongezwa ili gari libebe zaidi, hivyo ndivyo vinavyokupiga ukirudi. Gari tupu halina uzito wa kuvikunja, kwa hiyo ekseli na bodi huruka pamoja. Ukiweza kupunguza mzigo, toa kipande kimoja kila upande. Angalia na bushi za springi: zikiisha, chuma hugonga chuma na siti hupokea mlio wote. Shokapu inayovuja mafuta ibadilishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

Kuhusu siti za hewa za malori ambazo wengi mnaziulizia: zinahitaji nafasi ya kupanda na kushuka ambayo pikapu haina. Utagonga dari.

Assalaam aleikum. Natengeneza mabenchi ya gari za abiria, pikapu zenye paa la mbao. Abiria wanalalamika kuteleza dereva akifunga breki, na makalio kuuma.
*Seremala, Unguja*

Waaleikum salaam. Abiria wako wamekaa ubavu, hivyo breki huwasukuma kwenye urefu wa benchi, wa mwisho anabanwa na wote. Hata chai maharage, yale magari ya abiria ya zamani ya Dar es Salaam ambayo abiria wake walikaa wakitazamana, yalikuwa na shida hii. Weka chuma cha kushika au kigawanyo baada ya kila abiria wawili, yaani kila sentimita 90, na utumie kitambaa cha kufuma kisichoteleza badala ya plastiki laini.

Kimo cha benchi pamoja na sponji ikikaliwa kiwe sentimita 40 hadi 42, kina 40. Nyuma pashuke sentimita 3.5 kuliko mbele; hizo ni kama digrii 5, zinatosha kumfanya mtu akae ndani. Bodi lenye upana wa sentimita 150, likiwa na benchi kila upande, litabaki na njia ya sentimita 70. Ubao uwe plaiwudi ya milimita 18 iliyotobolewa matundu ya milimita 25 kila baada ya sentimita 15, ili hewa itoke sponji ikibanwa. Bila matundu hewa hutafuta njia kwenye mishono na kuichana. Juu yake sentimita 3 za sponji ya mabaki, kisha 5 za sponji nzito. Ukingo wa mbele uzungushwe, usiachwe na kona.

Haya yote yanapunguza maumivu. Hayamlindi abiria asiye na mkanda gari likigonga, na mwenye gari aambiwe hivyo.

Siti inacheza mbele na nyuma nikifunga breki. Na je, kava za leza ni nzuri kwa joto la Pwani?
*Msomaji, Mombasa*

La kwanza ni la haraka. Kaza bolti nne za sakafuni kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ikiendelea, sogeza siti na usikilize makomeo: reli zote mbili zinapaswa kushika. Ikishika moja tu, siti hujipinda kila breki. Mara nyingi ni uchafu, sarafu au waya wa kuunganisha makomeo uliolegea. Safisha kwa brashi, paka grisi kidogo. Meno ya reli yakiwa yameliwa, badilisha reli. Usichomelee siti isimame mahali pamoja, maana dereva mwingine ataiendesha akiwa mbali na breki.

Leza haipitishi jasho. Kwa Mombasa chagua kitambaa cha kufuma, au leza yenye vitundu pale unapokalia tu na ngozi bandia pembeni. Kabla ya kuvalisha, tafuta kibandiko cha AIRBAG ubavuni mwa egemeo upande wa mlango. Ukikiona, kava iwe ya aina iliyoachwa wazi upande huo au yenye mshono dhaifu uliokusudiwa kupasuka, na fundi asishone chochote juu ya mshono huo.